Visima vya Isaka na mito yetu ya Rungwe



Somo letu leo ni Mwanzo 26:12-33. Fungua Biblia yako, lisome lote polepole, halafu rudi hapa tuendelee.

1. Kisima kilichofukiwa

Isaka alikuwa mgeni katika nchi ya Gerari. Mungu akambariki, mavuno yakawa mengi, mifugo ikaongezeka, na Wafilisti wakaingiwa na wivu. Wakafanya nini? Walivifukia kwa udongo visima alivyoacha baba yake, Abrahamu. Hebu fikiria kidogo: kisima kikishafukiwa, nani anafaidika? Hakuna. Hata aliyekifukia anabaki na kiu yake.

Isaka akaanza kuchimba upya. Kisima kimoja wachungaji wa Gerari wakakigombania, akakiita Eseki, yaani ugomvi. Cha pili nacho kikaleta vita, akakiita Sitna, yaani uadui. Akasogea mbele, akachimba cha tatu. Hicho hakuna aliyekigombania, akakiita Rehobothi, yaani nafasi.

Wengi wetu tunaishia hapo. Kumbe habari inaendelea. Abimeleki, mfalme wa Gerari, alimfuata Isaka. Wakala pamoja, na asubuhi wakaapiana kuishi kwa amani. Siku hiyohiyo watumishi wa Isaka wakaja na habari njema: wamepata maji.

2. Maji ya Tukuyu yanakwenda wapi?

Sisi wa Rungwe mvua si jambo geni. Labda ndiyo maana hatujiulizi maji yanaishia wapi. Kiwira, Mbaka na Lufilyo inateremka hadi Kyela na kuingia Ziwa Nyasa. Ziwa hilo tunalichangia na Malawi na Msumbiji. Upande wa kusini maji yanatoka kwa Mto Shire nchini Malawi, yanaingia Mto Zambezi nchini Msumbiji, hatimaye Bahari ya Hindi. Kwa hiyo maji yanayopita leo chini ya Daraja la Mungu yana safari ndefu, na njiani yatakutana na watu ambao hatutawaona maishani.

Swali ni hili: tunawateremshia nini?

Tunapolima mteremko bila matuta ya kukinga maji, tunapokata miti na kulima mpaka ukingoni mwa mto, mvua ikipiga udongo wote unashuka. Maji yanageuka rangi. Ule udongo ndio rutuba ya shamba lako, inaondoka. Huko chini unajaza mto, mto unakosa kina, na mafuriko yanawapata wenzetu wa tambarare. Na mbasa je? Samaki huyu anaishi ziwani lakini hupanda mitoni kutaga mayai kwenye changarawe safi. Changarawe ikifunikwa na tope, mayai yanakufa. Mvuvi wa Kyela anakosa, na mvuvi wa Karonga ng'ambo naye anakosa. Mbasa hana pasipoti.

Unaona sasa? Wafilisti walifukia visima kwa wivu. Sisi tunafukia mito kwa kutokujali tu, lakini udongo ni uleule.

3. Songwe: majirani waliokaa mezani

Mto Songwe ni mpaka wa Tanzania na Malawi. Sehemu za chini, karibu na ziwa, mto huu hubadilisha njia yake wakati wa mafuriko. Mto ukihama, mkulima anaweza kukuta shamba lake limebaki ng'ambo. Kosa la nani? Hakuna nchi inayoweza kutengeneza ukingo mmoja ikaacha mwingine.

Nchi hizi mbili zina mvutano wa muda mrefu kuhusu mpaka ndani ya ziwa, na mwaka 2012 maneno yalikuwa makali. Lakini mwaka 2017 zilitia saini mkataba wa kuunda Kamisheni ya Pamoja ya Bonde la Mto Songwe, na makao yake yakawekwa Kyela. Kazi yake ni kulitunza na kuliendeleza bonde lote kwa pamoja, pamoja na mpango wa bwawa la kupunguza mafuriko, kuzalisha umeme na kumwagilia mashamba. Hawakusubiri kumaliza kila ugomvi ndipo waanze kushirikiana. Isaka na Abimeleki nao walikaa mezani wakiwa na kumbukumbu chungu.

Papa Fransisko, katika waraka Laudato Si' wa mwaka 2015, anafundisha kwamba kupata maji safi ni haki ya msingi ya kila mtu, na anayataka mataifa yazungumze kuhusu mazingira. Kanisa nalo lipo pande zote mbili: Jimbo Kuu la Mbeya huku, Jimbo la Karonga kule. Ni mwili mmoja wa Kristo, mto unapita katikati.

4. "Lakini baba ana nusu eka tu"

Tuseme ukweli. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Kwa familia yenye kishamba bondeni, mita 60 ni karo na chakula. Kijana anauliza: kwa nini nyumbani wapungukiwe kwa ajili ya mtu wa Malawi nisiyemjua?

Mwanasheria aliyeongea na Yesu aliuliza swali kama hilo: jirani yangu ni nani? Akajibiwa kwa habari ya Msamaria, mtu wa ng'ambo. Upendo una gharama, na Isaka aliacha visima viwili alivyochimba kwa jasho. Lakini gharama hiyo asiachiwe mtu mmoja. Ndiyo maana sheria inaruhusu kuunda jumuiya za watumia maji, watu wakae, wapange, wasaidiane. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa ina ofisi hapahapa Tukuyu. Na mabingobingo yakipandwa juu ya matuta, yanashika udongo na ng'ombe anakula.

5. Kwa wiki hii

- Fuata kijito cha karibu na kwenu. Kinaingia mto gani?
- Pelekeni swali hili kwenye jumuiya ndogondogo: nani kati yetu analima ukingoni, na tunaweza kumsaidiaje bila kumlaumu?
- VIWAWA na TYCS: chagueni mteremko mmoja, mchimbe matuta kabla ya masika.

Tusali

Ee Mungu, uliyempa Isaka maji na amani siku moja, utufundishe kumpenda jirani anayekunywa baada yetu. Wabariki wenzetu wa Kyela, wa Karonga na wa Msumbiji. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.