Mate ya Mbwa Safarini: Kichefuchefu, Joto au Kichaa?

Mtumishi anayehamishiwa Iringa kutoka Dar es Salaam husafiri takribani kilomita 500, na familia yenye mbwa mara nyingi humpakia katika gari moja na watoto. Kabla ya kufika Chalinze mnyama huanza kupiga miayo, kulamba midomo na kudondosha mate, baadaye hutapika. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuitambua hali hiyo na kuikabili, kwa faida ya mbwa na ya binadamu aliyekaa naye, kwani miongoni mwa maradhi yanayomtoa mbwa mate limo moja linalomwua binadamu.

Sababu ya kawaida kuliko zote ni kichefuchefu cha mwendo. Sikio la ndani, linaloupa ubongo habari za mizani ya mwili, husema kwamba mwili unasogea, ilhali macho ya mbwa aliyelala sakafuni huona vitu vilivyotulia. Watoto wa mbwa huathirika zaidi, na wengi wao hupona wakikua. Hata hivyo, mbwa aliyetapika mara mbili tatu garini hukumbuka. Huanza kutetemeka gari likiwa bado halijawashwa. Hapo maradhi yamekwisha kuwa hofu, na hofu haitibiwi kwa dawa ya kuzuia kutapika peke yake. Mwenye majuma machache kabla ya safari na amzoeshe taratibu: siku ya kwanza mbwa aingie garini na kutoka bila injini kuwashwa, siku nyingine injini iwashwe, kisha azungushwe mtaani dakika chache. Siku ya safari asipewe chakula kwa saa kadhaa kabla ya kuondoka, ila maji kidogo kidogo. Daktari wa mifugo anaweza kumpa dawa ya kuzuia kutapika inayomfaa. Dawa za maumivu zilizomo mkobani mwa mama, kama ibuprofeni, diklofenaki na parasetamoli, asipewe kamwe. Huweza kuharibu tumbo, figo au ini lake.

Utulivu wa mwenye mbwa nao ni sehemu ya tiba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Linköping nchini Sweden walipima homoni ya kotisoli katika manyoya ya mbwa 58 na nywele za wamiliki wao, wakaona katika matokeo yao ya mwaka 2019 kwamba kiwango cha msongo wa muda mrefu cha mbwa kilifuatana na cha mmiliki. Utafiti huo haukuhusu safari, lakini mwenye kumkaripia mnyama anayetetemeka nadhani atafanya vema kuukumbuka.

Joto ni jambo la pili. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hujipoza zaidi kwa kuhema, ulimi ukiwa nje. Katika gari lililofungwa na kuegeshwa juani, sehemu kubwa ya ongezeko la joto hutokea katika nusu saa ya kwanza, yaani muda wa kula chipsi hotelini. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39. Likifikia 41 uhai wake uko hatarini. Huhema kwa nguvu, mate yake huwa mazito, hupepesuka, na huweza kuanguka. Amwagiwe maji, apepewe, kisha apelekwe kwa daktari. Kumfunika kwa taulo lililolowa na kumwacha hivyo huzuia joto kutoka.

Sasa tuje kwenye kichaa cha mbwa. Kichefuchefu huanza na mwendo na hupungua gari likisimama. Mbwa anayeendelea kudondosha mate baada ya mapumziko marefu, ambaye taya limelegea, hawezi kumeza, sauti imebadilika, miguu ya nyuma inayumba, au mpole aliyegeuka mkali bila sababu, achukuliwe kuwa na kichaa mpaka ithibitike vinginevyo. Watu wengi hudhani mfupa umemkwama kooni, wakaingiza mkono kinywani kuutoa. Hilo ni kosa la hatari mno. Kosa jingine ni kumwekea maji, na akinywa wakasema ni mzima. Hofu ya maji ni dalili ya binadamu mwenye ugonjwa huo. Mbwa mgonjwa huweza kuyaendea maji bila woga. Cheti cha chanjo kisafiri pamoja na mbwa, na chanjo ya kwanza itolewe angalau majuma matatu kabla ya safari, ili kinga ipate muda wa kujengeka.

Mbwa mwenye hofu huweza kuuma hata akiwa hana kichaa. Aliyeumwa, au aliyeingiwa na mate katika jeraha, jichoni au mdomoni, asikisie. Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende katika kituo cha afya kilicho karibu, hata kama ni Morogoro na safari ingali ndefu. Dalili zikishaanza kwa binadamu, kifo karibu hakiepukiki. Ila kwa kawaida huchukua miezi miwili hadi mitatu kabla ya kuanza, na katika muda huo chanjo huokoa. Mtoto aliyeumwa kichwani au usoni ashughulikiwe kwa haraka zaidi, kwa kuwa virusi vina njia fupi ya kufika kwenye ubongo.

Mhudumu wa afya amwulize mgonjwa: mbwa yuko wapi, alichanjwa lini, alibadilika lini, na je, alichokozwa? Chanjo ya mgonjwa isisubiri majibu. Mbwa asiuawe na kutupwa, kwani akifa kichwa chake huhitajika maabara. Akiwa hai, afungiwe mahali salama na kuangaliwa kwa siku 10 tangu siku ya kuuma. Akibaki mzima, mate yake hayakuwa na virusi siku ile, na daktari anaweza kusimamisha chanjo zilizosalia. Msafiri asiyeweza kusubiri siku hizo mjini amkabidhi mbwa kwa ofisa wa mifugo wa mahali hapo na kumwachia namba ya simu, nayo namba ya ofisa iandikwe katika kadi ya mgonjwa.