Saratani ya puru: matundu madogo na yanayoyatangulia

Wakazi wa Temeke na Kinondoni, wengi wao wakiuguza mzazi au mwenza, wameuliza kuhusu saratani ya puru, ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Daktari wa upasuaji anawajibu.

Shikamoo daktari. Tunaishi Mbagala, mama ana saratani hiyo. Jirani anasema siku hizi hawapasui tumbo, wanatoboa matundu. Ni kweli?

Marahaba. Ni kweli, lakini kazi ya ndani haipungui. Mgonjwa hupewa nusukaputi, tumbo likajazwa hewa ya kabonidayoksaidi ili kuta zake ziinuke. Kisha hutobolewa matundu machache, mengi yao ya sentimita moja hivi au chini ya hapo. Moja hupitisha kamera, na daktari hufanya kazi akitazama runinga; mengine hupitisha mikasi na vibanio. Mwishoni huwa kuna mkato wa sentimita kadhaa wa kutolea kipande cha utumbo chenye uvimbe.

Puru ina urefu wa sentimita 12 hadi 15 na imejibana ndani ya nyonga, jirani na kibofu, na mji wa mimba kwa mwanamke au tezi dume kwa mwanaume. Imezungukwa na mafuta yenye tezi ndogondogo, na humo ndimo chembe za saratani hujificha. Mwaka 1982 daktari Bill Heald wa Basingstoke, Uingereza, alieleza kwamba mafuta hayo yakitolewa yote pamoja na puru, yakiwa mazima bila kuchanwa, saratani hurudi pale pale kwa nadra sana. Mpaka leo hicho ndicho kigezo cha upasuaji mzuri, uwe wa matundu au wa mkato mrefu. Kovu la nje halisemi lolote kuhusu hilo.

Basi upi ni bora?

Utafiti wa COLOR II uliwafuatilia wagonjwa 1,044 wa saratani ya puru. Matokeo ya mwaka 2015 yalionyesha kwamba baada ya miaka mitatu saratani ilikuwa imerudi nyongani kwa asilimia 5 ya waliotobolewa, na asilimia 5 vilevile ya waliopasuliwa. Waliotobolewa walipoteza damu kidogo zaidi na kuruhusiwa mapema kidogo, ingawa upasuaji wao ulichukua muda mrefu zaidi. Lakini mwaka huohuo tafiti nyingine mbili, ya Amerika Kaskazini na ya Australia na New Zealand, zilishindwa kuthibitisha kwamba kipande kinachotolewa kwa matundu huwa kizuri sawa na kile cha mkato mrefu.

Mimi nayasoma hivi: mkono wa daktari una uzito kuliko njia. Muhimbili, Upanga na Mloganzila, upasuaji wa matundu madogo unafanyika, ila kutoa mfuko wa nyongo ni kazi moja na kutoa puru ni nyingine kabisa. Muulize daktari wako bila kuona haya: puru ngapi umetoa kwa njia hii? Akikwambia kwamba kwa mama mkato mrefu ndio salama, usidhani ameonewa. Na usisubiri roboti ya upasuaji. Utafiti mkubwa wa mwaka 2017 haukuona kwamba inapunguza kwa uhakika idadi ya wanaoishia kupasuliwa tumbo.

Baba yuko Tegeta. Kaambiwa aanze na mionzi Ocean Road zaidi ya wiki tano, ndipo apasuliwe. Si tunachelewa?

Hapana, hapo matibabu yameshaanza. Utafiti wa Ujerumani uliotolewa mwaka 2004 ulionyesha kwamba mionzi na dawa za saratani vikitangulia upasuaji, ugonjwa hurudi nyongani kwa asilimia 6. Vikifuata baadaye, asilimia 13. Mionzi hutolewa Jumatatu hadi Ijumaa, vipindi 25 hadi 28, kisha husubiriwa wiki kadhaa uvimbe usinyae, halafu picha ya MRI iliyopigwa mwanzoni inarudiwa. Kwa wachache uvimbe huyeyuka wote, na baadhi yao hufuatiliwa kwa karibu bila kupasuliwa, njia iliyotangazwa na daktari Angelita Habr-Gama wa Brazil.

Kinachoniumiza ni nauli. Tegeta hadi Ocean Road kila siku, mzee akiwa amechoka na anaharisha, ni safari ngumu. Kaeni kikao cha familia kabla ya kuanza: nani atamsindikiza, nani atatoa nauli, kuna ndugu wa kumlaza karibu na mjini? Vipindi vikikatika katikati, nguvu ya tiba inapungua.

Mume wangu, Tandika, anasema bora afe kuliko kutembea na kifuko cha choo tumboni. Matundu madogo yatamwepusha?

Pole sana, dada. Hayatamwepusha. Kinachoamua ni umbali wa uvimbe kutoka njia ya haja kubwa, na kama umeshaingia kwenye msuli unaobana choo. Ukiwa juu kidogo, utumbo huunganishwa, na kifuko kikiwekwa huwa cha miezi michache ili kiungo kipone. Msuli ukiwa umeshashikwa, kitakuwa cha kudumu. Wapo wanaofanya kazi na kuswali nacho; kuhusu udhu amwulize sheikh wake, kwani mwenye udhuru ana hukumu yake. Mkutanishe na mtu anayeishi nacho, maana sisi madaktari hatuwezi kuyasema hayo kama yeye. Na aulize mapema kuhusu mishipa ya fahamu ya mkojo na ya tendo la ndoa, kwani hupita karibu sana na eneo la upasuaji.

Nina miaka 34, niko Mwananyamala. Natoa damu chooni miezi sasa, natumia dawa ya bawasiri ya mitishamba.

Acha kujitibu, kijana. Bawasiri hutoa damu, na saratani hutoa damu, na umri wako haukukingi. Hasa ukihisi choo hakijaisha ilhali hakuna kitu, au kimekuwa chembamba, au unapungua uzito. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Mwananyamala, uombe daktari akupime kwa kidole. Ni dakika moja, hakuhitaji mashine, na uvimbe wa chini huguswa hapohapo. Usipoguswa na damu ikaendelea, unahitaji kamera ya kuingia kwenye utumbo, na uvimbe ukionekana utakatwa kinyama kikapimwe. Omba majibu hayo kwa maandishi na uyabebe kila uendako kwa rufaa.