Karte memori: ghala ndogo ya koperative

Katika koperative za kahawa za Kivu, sekretere anaweza kupiga picha ya kila ukurasa wa daftari ya mizani. Mara nyingi picha zile zinakaa ndani ya karte memori ya telefone. Zikipotea, na daftari nayo ikiloana na mvua, nani atajua kama mama fulani alileta kilo 40 ao 140? Malipo ya pili ya mwisho wa msimu yanategemea maandiko yale. Basi tujifunze namna karte inavyofanya kazi.

Karte ni nini?

Ni kitu kidogo cha milimeta 15 kwa 11. Ndani mna vyumba vidogo sana vinavyoshika umeme, na umeme ule unabaki hata telefone ikizimwa. Ndiyo maana tunaweza kuitoa na kuitia katika telefone ingine, radio ao kompyuta. Lakini vyumba vile vinachoka kwa kuandikwa na kufutwa mara nyingi. Tena karte iliyolala miaka mingi bila kutumiwa inaweza kupoteza vitu polepole. Kwa hiyo isiwe ghala yetu ya pekee.

Wakati wa kununua

Karte yenye alama HC inaishia GB 32. Yenye XC inapita hapo. Telefone ya zamani inaweza kukataa XC, basi uliza mbele ya kulipa.

Tujihazari na karte za uongo. Juu imeandikwa GB 64, lakini ndani mna 8 tu, na telefone nayo inadanganywa. Zile 8 zikijaa, picha mpya hazifunguki, ao zinafuta za zamani. Jaribu hivi: ijaze nyimbo na video hadi mwisho, itoe, irudishe, kisha fungua za kwanza na za mwisho. Kama zote zinafunguka, karte iko muzuri.

Tufanye nini?

1. Tuzime telefone mbele ya kutoa karte.

2. Kila juma picha za mizani zikopiwe fasi ya pili, na kopi ile ilindwe na mtu mwingine, katika nyumba ingine.

3. Telefone ikiuliza kama tunataka kuformate karte, tusikubali. Kuformate ni kufagia ghala.

4. Kama picha zimefutwa kwa bahati mbaya, tusipige ingine juu ya karte ile. Kilichofutwa mara nyingi kingali ndani mpaka kingine kiandikwe juu yake. Tuitoe, tuipeleke kwa fundi.

5. Daftari ya karatasi isitupwe hata siku moja.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

Maandiko ya mizani yetu yako fasi ngapi? Nani anayalinda? Telefone ya sekretere ikiibwa leo usiku, kesho tutalipa wanamemba kwa kufuata nini?