Kabla Silinda Haijachongwa: Nguvu ya Pikipiki ya Mapigo Mawili Katika Milima ya Uluguru

Mwenye pikipiki ya mapigo mawili anayeishi Morogoro hujua ni wapi pikipiki yake huanza kulalamika. Barabara ya kwenda Mzumbe huimudu bila shida. Kupanda Mgeta ikiwa na abiria au magunia ya karoti ni jambo jingine. Ndipo humwendea fundi, naye fundi humweleza kwamba injini inaweza "kufunguliwa": silinda ipanuliwe, matundu yachongwe, ekzozi ikatwe. Maneno hayo si ya uongo mtupu. Lakini baadhi ya kazi hizo hazirudishwi nyuma, na baadhi huongeza nguvu isiyotumika mlimani. Somo hili linamsaidia mlaji kukijua anachouziwa kabla hajatoa fedha.

Bodaboda nyingi za leo ni za mapigo manne, na oili yake hukaa chini ya injini. Tunazozizungumzia hapa ni zile ambazo oili huingia pamoja na petroli, kama vile Yamaha za aina ya DT na AG. Ni nyepesi, zina vipuri vichache, na krenki ikizunguka mara moja injini hulipua mara moja. Oili inayolainisha pistoni na beringi za krenki hupita na kuungua pamoja na petroli. Petroli inapopungua ndani ya injini, oili nayo huweza kupungua. Mlaji akishike jambo hilo, kwa kuwa hasara nyingi huanzia hapo.

Hewa ya mlimani

Mji wa Morogoro uko takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, na vijiji vya juu vya Mgeta vinapita mita 1,500. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, injini isiyo na kifaa cha kusukumia hewa hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, kwa sababu hewa ni nyepesi zaidi. Pikipiki iliyochoka huko juu huenda haiumwi chochote.

Hewa ikipungua na kabureta ikabaki ilivyo, mchanganyiko huwa na petroli nyingi kupita kiasi. Moshi huongezeka, plagi huwa nyeusi, injini huwa nzito. Fundi wa kijijini akiweka jeti ndogo zaidi, pikipiki huamka, na mwenyewe hufurahi. Kesho yake hupakia kabichi, huteremka hadi soko la Mawenzi, kisha huendelea na barabara ya Chalinze kwa kasi yote. Sasa hewa ni nzito na jeti ni ileile ndogo. Petroli haitoshi, joto linapanda, oili imepungua. Pistoni hutanuka na kukwama ndani ya silinda, yaani injini inanoki, na gurudumu la nyuma huweza kufunga ghafla katikati ya magari. Anayeishi kwa kupanda na kushuka asikubali jeti ya mlimani peke yake. Ni heri pikipiki iwe nzito kidogo juu kuliko kukosa petroli chini. Anayebadilisha jeti na aihifadhi ile ya zamani, airudishe kabla ya kuteremka, kisha aitazame plagi baada ya safari: rangi ya kahawia ni njema, nyeusi ni petroli nyingi, nyeupe ni onyo.

Mteremko wenyewe una hatari yake, na mafundi wachache huitaja. Dereva anayeshuka mwendo mrefu kwa gia huku amefunga aksereta huifanya injini izunguke kwa kasi bila kupewa petroli ya kutosha, na kwa pikipiki iliyochanganyiwa oili ndani ya tangi, hapo hakuna ulainishaji wa maana. Kila baada ya muda mfupi ashike klachi na afungue aksereta kidogo ili oili ipite, naye atumie breki zote mbili kwa zamu badala ya kuiachia injini kazi yote. Zenye pampu ya oili ya pembeni zina nafuu, ila hazina kinga kamili.

Kazi anazopendekeza fundi

Kwanza ajulikane mgonjwa. Ekzozi ya injini ya mapigo mawili hujaa masizi ya oili iliyoungua. Ikiziba, injini hupumua kwa shida na hakuna uchongaji utakaoisaidia. Chujio la hewa lenye vumbi, ringi zilizokwisha na klachi inayoteleza huleta dalili ileile ya uchovu. Mwombe fundi apime mgandamizo na kusafisha ekzozi kabla ya kufikiria kingine. Mara nyingi safari huishia hapo, na kwa gharama ndogo.

Ikiwa injini ni nzima na bado mlima unaishinda, badilisho la busara ni sproketi. Sproketi ya mbele yenye meno 15 ikiwekwa ya meno 14, mvuto kwenye gurudumu huongezeka kwa takriban asilimia 7, na kasi kwenye gia ileile hupungua karibu kwa kiasi hichohicho. Kazi hii huchukua muda mfupi, na asiyeipenda huirudisha ya zamani.

Linganisha na kupanua silinda. Yamaha DT175 ina silinda yenye kipenyo cha milimita 66, na pistoni yake husafiri milimita 50. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 171. Ikipanuliwa kwa milimita nzima, ujazo hufika 176, yaani ongezeko la asilimia 3 tu. Hewa ya Mgeta imekwisha kula zaidi ya hapo. Kupanua silinda ni tiba ya silinda iliyolika, nayo hufanywa kwa hatua ndogo, kwa kawaida robo milimita kila mara. Kila hatua hupunguza maisha yaliyobaki. Tena silinda za pikipiki nyingi mpya za mashindano zimepakwa ngozi ngumu ya madini ndani. Hizo hazipanuliwi kwa mashine ya kawaida.

Kuchonga matundu ya silinda huongeza nguvu kweli, lakini tazama inakoenda. Tundu la kutolea moshi likiinuliwa, nguvu huhamia kwenye mizunguko ya juu na mvuto wa chini hufifia. Dereva wa mashindano kwenye uwanja wa wazi hufurahia. Aliyebeba mzigo kwenye kona kali yenye matope huzimikiwa na injini. Chuma kilichokatwa hakirudi.

Ekzozi ndiyo inayodharauliwa kuliko vyote. Uvimbe wake wa katikati na ncha yake inayosinyaa vimepimwa: hurudisha wimbi la msukumo ambalo huzuia petroli mbichi kutoroka kabla tundu halijafungwa. Mhandisi Walter Kaaden wa kampuni ya MZ, Ujerumani Mashariki, aliyaendeleza maarifa hayo miaka ya 1950. Dereva wake Ernst Degner alipotoroka mwaka 1961 na kwenda Suzuki, alikwenda nayo, na mwaka uliofuata akatwaa ubingwa wa dunia. Kuikata ekzozi ili ipige kelele ni kuutupa ujuzi huo jalalani, na kubaki na sauti.

Oili na mapatano

Fuata kiasi kilichoandikwa na mtengenezaji. Uwiano wa 1 kwa 50 ni mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli. 1 kwa 25 ni mililita 40. Tumia chombo chenye alama za vipimo, kwani kifuniko cha chupa hubahatisha. Oili ya injini ya mapigo manne haifai kuchanganywa. Chupa iwe na lakiri nzima, nawe udai risiti.

Kabla ya kazi yoyote ya kukata au kupanua, fundi aandike kwenye karatasi: kipimo cha sasa cha silinda, kipimo kitakachofikiwa, aina ya pistoni, bei, na muda atakaowajibika injini ikinoki. Vipuri vilivyotolewa ni mali yako, ondoka navyo. Kama ujazo au injini yenyewe inabadilika, linganisha na kadi ya usajili na uiarifu kampuni yako ya bima kabla ya kurudi barabarani.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa au huduma. Aliyeuziwa kipuri bandia, au kulipia kazi isiyofanyika, anaweza kupeleka malalamiko Tume ya Ushindani (FCC), akiwa na risiti, ile karatasi ya mapatano, na kipuri chenyewe kama kilivyotolewa, bila kukisafisha.