Somo la Ufundi: Gurudumu na Mnyororo wa Lori la Shamba



Mvua za Machi zikianza katika mashamba ya chai ya Bushenyi na Kabarole, barabara za shamba huteleza kama sabuni. Majani mabichi nayo hayangoji. Yakikaa yameshindiliwa hupata joto, hugeuka mekundu na kukataliwa kiwandani. Kwa hiyo lori lazima lipande na kushuka hata siku ya utelezi, na mara nyingi juu ya mzigo wamekaa wachumaji. Ndiyo maana somo hili si la dereva na utingo peke yao.

Wengi hudhani mnyororo wa tairi ni kitu cha nchi za baridi. Aliyeusajili kama uvumbuzi wake, Harry Weed wa New York, Marekani, mwaka 1904, alikuwa ameona madereva wakizungushia kamba kwenye matairi ili wapite kwenye matope na theluji. Theluji yetu iko juu ya Rwenzori, ambako hakuna lori linalofika. Matope tunayo ya kutosha.

Tuanze na gurudumu lenyewe, kwa sababu mnyororo huongeza mzigo juu ya nati, na nati iliyolegea haitasubiri. Kabla ya kupachika rimu, futa matope na kutu mahali inapokutana na habu. Rangi nene pia ikwanguliwe, maana rangi ikichakaa nati hubaki na nafasi. Upande wa nati uliochongoka uelekee kwenye rimu. Kaza nati moja, kisha ya mkabala wake, hivyo hivyo mpaka ziishe; ukikaza kwa kufuata mzunguko, rimu hukaa upande. Baada ya kilomita 50 hadi 100, simama ukaze tena. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea: tukishaona lori limeondoka, tunasahau. Ukiona mstari wa kutu unachuruzika kutoka kwenye nati, hiyo inacheza. Kumbuka pia kuwa katika malori mengine ya zamani ya Kiingereza nati za upande wa kushoto hukazwa kwa kuzungusha kinyume. Kijana mgeni akining'inia kwenye spana kwa nguvu zote atakata boli huku akidhani anafungua.

Matairi ya lori linalovuta kwa magurudumu yote manne yawe ya kipimo kimoja, na yasipishane sana kwa kulika. Katika malori mengi ya aina hii, hasa ya zamani, gia ya mbele ikiingizwa ekseli zote mbili hulazimika kuzunguka sawa. Weka tairi jipya mbele na kipara nyuma, ekseli moja itataka kutangulia nyingine, na gia zitajikaza mpaka kitu kivunjike. Kwa sababu hiyo hiyo gia ya mbele hutolewa lori likifika kwenye lami kavu.

Meneja mwingine hupenda tairi pana kuliko lile la kiwandani. Kabla ya kumshukuru, pitisha mkono kati ya tairi na springi, kisha zungusha usukani mpaka mwisho, pande zote mbili. Mnyororo unahitaji nafasi yake. Ukigusa mpira wa breki utaukata, na mtajua mkiwa mteremkoni.

Sasa kufunga. Tandaza mnyororo chini, unyooke bila kujipinda. Ncha za ndoano zitazame nje zisilile tairi. Ulaze juu ya tairi, lori lisogee kidogo, kisha dereva azime injini, avute breki ya mkono na kuweka kabari. Ndipo mtu aingize mkono. Sisi tumemwona dereva akisogeza lori huku mkono wa utingo bado uko nyuma ya gurudumu, ati kwa sababu mnyapara alikuwa anapiga kelele. Funga ndoano ya ndani kwanza, halafu ya nje. Usipunguze upepo wa tairi ili mnyororo ukae. Enda mita 100, simama, kaza tena.

Minyororo minne ndiyo bora. Ukifunga ya mbele tu, mkia wa lori unaweza kuteleza mteremkoni. Ukifunga ya nyuma tu, usukani unaweza kukataa. Ikiwa ipo miwili tu, fuata kitabu cha lori. Watengenezaji wengi huweka mpaka wa kilomita 50 kwa saa, na kwa barabara za shamba hata nusu yake ni nyingi.

Neno moja kuhusu rimu za vipande, zile zenye ringi ya kufungia. Hizi huua. Toa upepo wote kwa kung'oa moyo wa valvu kabla ya kugusa ringi, na tairi lijazwe ndani ya kizimba cha chuma. Marekani iliweka kanuni mwaka 1980 inayomtaka mwajiri atoe kizimba hicho na kumfundisha kila anayezishughulikia rimu hizo.

Je, nani anunue minyororo? Mkataba nambari 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Tena unataka alindwe mfanyakazi anayejitoa kwenye kazi akiwa na sababu ya haki ya kuamini kuwa maisha yake yamo katika hatari kubwa iliyo karibu.

Katika shamba moja tunalolijua, dereva alikatwa mshahara kwa mnyororo uliokatika. Mwakilishi wetu aliiomba ile pete iliyokatika, akaiweka mezani mbele ya meneja: ilikuwa imelika mpaka nusu ya unene wake, na daftari la gereji lilionyesha dereva alikuwa ameomba mpya mara mbili. Alirudishiwa fedha zake baada ya miezi miwili. Basi maombi yenu ya vifaa yaandikwe, yawe na tarehe, na nakala moja ikae kwa mwakilishi.