Mkanda Mmoja, Bizimu Nne: Uza Zaidi Bila Kuongeza Mtaji

Leo tuwaguse wenzetu wa bidhaa za ngozi na wote wanaouza mikanda Makoroboi, Mlango Mmoja na kwenye minada.

Piga hesabu hii kwanza. Una saizi tatu za kiuno, rangi mbili, na aina nne za bizimu (lile chuma la kufungia mkanda). Kama kila bizimu imeshonewa moja kwa moja, ili uwe na kila chaguo unahitaji mikanda 24. Bizimu zikiwa za kubadilisha, unahitaji mikanda mitupu 6 na bizimu 4 tu, halafu unaongeza zile zinazotoka haraka. Mteja anachagua mwenyewe, na hela yako hailali mezani.

Lakini biashara hii inasimama kwenye sharti moja: UPANA USIBADILIKE. Mteja akirudi baada ya miezi sita kununua bizimu nyingine, lazima iingie. Isipoingia, umempoteza. Kwa hiyo chagua bizimu zenye nafasi ya ndani ya milimita 40, na kata ngozi zako zote milimita 38. Huo ni upana wa inchi moja na nusu, unakaa vizuri kwenye jinsi.

Twende kazi.

1. Ngozi. Tafuta ya ng'ombe, unene wa milimita 3.5 hadi 4. Angalia ukingo uliokatwa: ukiona kitambaa ndani, hiyo si ngozi. Ukiona rangi ya kijivu au bluu, mara nyingi imesindikwa kwa dawa ya kromu, ni laini na inavutika. Kwa mkanda ni bora iliyosindikwa kwa dawa ya mimea kama magome ya miwati. Inakuwa ngumu na kahawia mpaka ndani. Kata sehemu ya mgongo. Ya tumbo inarefuka, leo inabana, kesho inapwaya. Ukitaka kujifunza kwa undani, DIT Kampasi ya Mwanza wanafundisha teknolojia ya ngozi, hapahapa kwetu.

2. Kipimo. Chukua mkanda anaouvaa mteja. Pima kuanzia mbele ya bizimu, pale ncha ya sindano inapolala, hadi kwenye tundu analotumia. Tuseme ni sentimita 85. Toa urefu wa bizimu, tuseme 5, inabaki 80. Hiyo ndo umbali kutoka kwenye mkunjo hadi tundu la katikati. Ongeza 8 za kukunjia nyuma na 17 za mkia. Jumla kata sentimita 105.

3. Matundu. Toboa matano, yaachane sentimita 2.5. Kumbuka bizimu ndefu inaongeza urefu wa mkanda. Bizimu zako zikipishana urefu kwa zaidi ya sentimita 2.5, mteja atahama zaidi ya tundu moja kila akibadilisha. Chagua zinazokaribiana.

4. Mkunjo. Punguza unene wa sehemu ya kukunjia kwa kisu kikali, lakini usipite nusu. Katikati ya mkunjo toboa matundu mawili yaliyoachana sentimita 3, kisha kata kati yake upate mwanya wa sindano.

5. Kufunga. Hapa ndo siri ilipo: usishone. Weka vifungo viwili vya kubonyeza, kimoja sentimita 2.5 kutoka kwenye mkunjo, cha pili sentimita 6. Kitanzi cha kushika mkia kinakaa katikati yao. Mteja anabadilisha nyumbani kwa vidole tu. Kwa anayefanya kazi nzito, weka skrubu fupi zenye kichwa bapa pande zote mbili badala ya vifungo. Hizo anafungua kwa bisibisi.

6. Ukingo. Piga msasa, lowesha kidogo, sugua kwa kitambaa mpaka ung'ae, malizia na nta ya nyuki. Watu wengi wanaruka hatua hii, na ndiyo mteja anayoishika kwanza kwa mkono.

7. Jaribio. Funga mkanda kama umevaliwa, ning'iniza ndoo ya lita 20 iliyojaa maji. Iache robo saa. Kifungo kikiachia, badilisha kabla ya kuuza. Mteja wako anaweza kuwa kuli wa mwaloni Kirumba, gunia la dagaa begani, mikono yote imeshika. Mkanda ukiachia hapo, aibu ni yake, jina litakaloharibika ni lako.

Mwisho, namna ya kuuza. Uza mkanda na bizimu moja, bei ya kawaida. Mwonyeshe zile nyingine, umbadilishie mbele ya macho yake. Bizimu ya pili iuze peke yake kwa bei nafuu kuliko mkanda mpya: moja ya kazini, nyingine ya kanisani, msikitini au harusini. Na ile ikivunjika, hatupi ngozi nzima, anarudi kwako. Mteja anayerudi hana gharama ya kutafutwa.

Usianze na kumi. Anza na mikanda miwili na bizimu nne, weka mezani wiki hii, angalia zipi zinaulizwa. Kidogo kidogo hujaza kibaba. Mpe na mwenzako asome.