Kumshonea Mtoto Vazi la Tunda la Kahawa

Jumatatu jioni mtoto arudi kutoka shule, na hata mfuko wa vitabu hajautua asema, "Mama, Ijumaa sisi tutakuwa matunda. Mwalimu amesema kila mmoja aje na vazi lake." Mama amwuliza, "Tunda gani, mwanangu?" Mtoto hajui. Ajualo ni kwamba siku zilizobaki ni chache.

Jambo hili si geni kwa wazazi wa Kenya. Tangu Januari 2019, mtaala wa umilisi ulipoanza kutumiwa katika shule za nchi nzima, wazazi wameombwa mara kwa mara kuwasaidia watoto katika kazi za mikono, na wengi wamenung'unika kwa sababu ya gharama. Pande za Karen, magharibi ya Nairobi, shida hiyo huonekana zaidi, maana huko wenye nyumba kubwa na wale wazitumikiao hupita njia moja kila siku. Mzazi mmoja aweza kununua vazi lililo tayari. Mwenziwe ana shuka kuukuu, sindano, na saa moja tu baada ya chakula cha jioni. Huyu wa pili asihuzunike. Vazi zuri hutokana na kumpima mtoto vema na kulijua tunda lenyewe, wala si fedha nyingi.

Kwa nini tunda la kahawa

Wengi watachagua chungwa, embe au nanasi. Sisi twashauri tunda la kahawa, kwa sababu mbili. Kwanza, ni la mviringo, na umbo la mviringo ni jepesi kushona. Pili, ni tunda lenye habari ya mahali penyewe. Sehemu kubwa ya Karen ilikuwa shamba la kahawa. Karen Blixen, mwanamke kutoka Denmark, aliishi katika nyumba ya shamba hilo tangu 1917 hata 1931, mwaka ambao shamba liliuzwa kwa kuwa halikuleta faida. Mahali palikuwa juu mno kwa mikahawa kuzaa vizuri. Nyumba yake ni jumba la makumbusho tangu 1986. Lakini waliochuma kahawa ile ni wenyeji wa hapa, hasa Wakikuyu, wanaume kwa wanawake, na watoto pia. Kwa hiyo mtoto avaaye vazi hili atakuwa na jambo la kusema mbele ya wenziwe.

Mwelezeni mtoto kabla ya kushika mkasi. Tunda la kahawa huanza kuwa la kijani, kisha huwa jekundu likiiva, na tangu ua hata kuiva hupita miezi kama 8 au 9. Mchumaji mwema huchuma yale mekundu tu, na ya kijani huyaacha mtini. Ndani yake kwa kawaida mna mbegu mbili, zimetazamana kwa upande ulio bapa, na kila moja ina mfuo katikati. Mbegu hizo ndizo tutakazozitumia kulijaza vazi letu.

Vitu vitakiwavyo

Tafuta shuka jekundu la pamba, au nguo yo yote nyekundu iliyo pana. Katika masoko ya mitumba kama Gikomba na Toi hupatikana kwa bei ya kupatana. Pata pia kitambaa kidogo cha kijani na kingine cha rangi ya udongo. Mafundi cherehani huwa na mabaki ya namna hiyo. Utahitaji mpira wa nguo, uzi, sindano, mkasi na vifungo vitano. Loanisha pembe ya nguo nyekundu uisugue kwa kitambaa cheupe. Ikitoa rangi, ifue kwanza, ama sivyo mvua au jasho litaharibu sare iliyo chini yake.

Kupima na kukata

Vipimo vifuatavyo vyamfaa mtoto wa miaka 6, mwenye kimo cha sentimita 115 hivi. Hata hivyo, mpime wako kwa kamba: toka begani hata juu kidogo ya goti, kisha mzunguko wa nyonga, kisha mzunguko wa kichwa.

Kata vipande viwili vilivyo sawa, cha mbele na cha nyuma, kila kimoja urefu wa sentimita 65. Juu, mabegani, upana uwe sentimita 32; katikati upanuke hata 65; chini upungue kuwa 55. Shingo iwe na upana wa sentimita 16. Mbele ichimbwe sentimita 6, na nyuma 2. Kisha pasua nyuma, katikati ya shingo, sentimita 12, ili kichwa kipite bila kulazimishwa.

Kushona

Unganisha mabega. Ubavuni acha sentimita 18 toka begani kwa ajili ya mkono, halafu shona kwenda chini. Asiye na cherehani ashone kwa mkono, na kila hatua mbili arudishe sindano nyuma hatua moja, ili mshono usifumuke. Chini kunja pindo pana, upitishe mpira wenye urefu sawa na mzunguko wa nyonga za mtoto. Mpira huo ndio utakaoifanya nguo ijae kama tunda. Pindo la shingo na la mikono lishonwe pia, na kwenye mpasuko wa nyuma tia kifungo kimoja.

Sasa zishone mbegu. Kwa kitambaa cha rangi ya udongo tengeneza mito miwili midogo, kila mmoja sentimita 30 kwa 25, pembe zikiwa za mviringo. Ijaze kwa vipande vya nguo, si kwa karatasi. Pitisha mshono mmoja katikati toka juu hata chini. Huo ndio mfuo wa mbegu. Shona vitanzi viwili juu ya kila mto, na vifungo vinne ndani ya vazi karibu na mabega, viwili mbele na viwili nyuma. Mto mmoja utaning'inia kifuani na mwingine mgongoni. Mtoto atakapokuwa garini, au akitaka kuketi, mito hutolewa ikachukuliwa mkononi. Na zamu yake ya kusema ifikapo, atazitoa mbegu zake mbili awaonyeshe wenziwe.

Kichwani yatosha kofia ya kijani. Ishonee kikonyo cha kitambaa kilichokunjwa, chenye urefu wa sentimita 8, na majani matatu ya sentimita 15. Uso ubaki wazi kabisa.

Mambo ya hadhari

Usifunge kamba yo yote shingoni mwa mtoto. Usitumie mfuko wa plastiki kuwa vazi wala kofia, maana huweza kumziba pumzi. Nayo mifuko ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Kenya tangu 28 Agosti 2017. Chagua pamba kuliko nailoni, kwa kuwa nailoni ikishika moto huyeyuka na kugandamana na ngozi. Hata hivyo, pamba nayo huwaka. Kwa hiyo mtoto asisogee jiko wala mshumaa akiwa amelivaa. Zihesabu pini kabla ya kuanza kazi, uzihesabu tena ukimaliza.

Alhamisi jioni mjaribishe. Apige hatua ndefu, apande ngazi, ainue mikono yote miwili, na aweze kuinua vazi mwenyewe aendapo msalani. Likimzuia katika mojawapo ya hayo, legeza mpira au panua mshono.

Zaidi ya hayo yote, usilishone mtoto akiwa amelala. Mpe kazi iliyo kadiri yake: ashike kamba ya kupimia, ajaze mito, ahesabu vifungo. Mtoto aliyevalishwa kitu asichokijua huona haya mwenziwe akimcheka. Lakini yule aliyejaza mbegu kwa mikono yake mwenyewe huwa na jibu. Atasema, "Mimi ni tunda la kahawa, nimeiva, na mbegu zangu ni hizi."

Ijumaa ikiisha, toa mpira, na nguo itafaa kuvaliwa nyumbani. Ile mito miwili italaliwa.